Sampuli Iliyokuja kwa Barafu

Rehema mwanangu,

Juzi uliniuliza swali jikoni nami nikakwambia uonje chumvi. Ulikuwa umeegemea mlango, unasoma kwenye simu mambo ya hayo masomo unayokwenda kuanza, ukauliza kwa nini mbegu za mwanamume zikipelekwa maabara hubebwa kwa joto la mwili, hata ndani ya nguo, ilhali damu na vitu vingine tunavikimbiza kwa barafu. Ulicheka kidogo ulipouliza, maana si maneno ya kusema mbele ya mama. Mimi sikucheka. Nilikupa kijiko, nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji mpaka nikakusikia unaimba, nikajiambia umesahau.

Hukusahau, nakujua. Wewe ukinyamaza unaweka. Kwa hiyo nimekaa kukujibu, na jibu lenyewe ni refu kuliko swali.

Mambo ya neti, ya kuchemsha maji na ya vijana wa Mombasa umeshaambiwa na shangazi zako mpaka masikio yamechoka, sitayarudia. Umetoka na Kadzo kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na mkishaanza kuimba huwa hamkumbuki nyumbani. Nina nafasi ya kuandika kabla hamjarudi.

Unalijua lile duka la vipuri vya pikipiki nyuma ya soko. Zamani, ulipokuwa ndio kwanza unaanza shule, pale palikuwa na maabara ndogo ya mtu binafsi, na mimi ndiye niliyeiendesha. Chumba kimoja, hadubini moja, na friji iliyokuwa ikinguruma mchana kutwa. Watu waliniita Mama Damu, kwa sababu hata uje na ugonjwa gani, kwanza nitakutoboa kidole. Jina lile nililipenda. Nililipenda kupita kiasi. Mtu anaingia anatetemeka, wewe unainamia kioo, unatamka neno moja, na neno lako linakuwa ndilo. Ni utamu ule, Rehema, na wewe utauonja, kwa hiyo bora ujue kwamba mama yako aliulamba mpaka ukamlevya.

Sasa, joto la Garsen unalijua. Kitu ukikiacha mezani asubuhi, adhuhuri kinanuka. Sisi wa maabara tuliishi kwa barafu kama wauza samaki. Damu kutoka vijijini ilikuja kwa barafu, chanjo zilikuja kwa barafu, na mimi kila aliyenipigia simu kuuliza alete vipi sampuli yake nilimjibu vilevile: leta kwa barafu. Nilikuwa sifikirii tena. Ilitoka mdomoni kama mtu anavyojibu hodi.

Ndipo akapiga simu Jillo wa Kilelengwani, mkulima wa mpunga na ndizi. Alikuwa na mke, jina lake Dhahabu, binti wa Kigiriama, watu wa wale waliotoka kusini wakaja kulima huku kwetu. Walikuwa wamekaa miaka bila mtoto. Nduguze Jillo wakaanza maneno, unajua maneno yenyewe, na kwa vile Dhahabu alikuwa mgeni kwao walimwona ana makosa mawili. Lakini Jillo hakuwa kama wenziwe. Aliwaambia kabla hamjamgusa mke wangu, acheni nipimwe mimi. Niambie, mwanangu, ni wanaume wangapi wa huku umewasikia wakisema hivyo? Mimi katika kazi yangu yote nimewaona wachache mno.

Kwenye simu alikuwa na haya. Alisema chumba chetu kina kuta nyembamba na watu wamekaa nje kwenye benchi, hataweza. Je, anaweza kuileta kutoka nyumbani? Nikamwambia anaweza. Akauliza aibebe vipi. Nikamjibu, "Leta kwa barafu."

Chuoni nilifundishwa, usidhani sikufundishwa. Mwalimu wetu alilirudia mpaka tukamchoka. Kuna vipimo, alisema, ambavyo unahesabu seli na kuangalia umbo lake, na hizo hazidhuriki zikikaa kwa baridi zikakungoja. Na kuna vipimo ambavyo unaiuliza seli kama inafanya kazi yake. Mbegu ya mwanamume kazi yake ni kuogelea. Ukiitia baridi, inasimama. Hapo utakuwa umepima barafu, hukumpima mtu. Niliyaandika hayo kwenye mtihani, nikapasi. Kisha nikaja Garsen, na mazoea yakayafunika yote.

Jillo alifika jua likiwa kali baada ya mvua, na ule udongo mweusi wa delta ulikuwa umeishika pikipiki njiani. Alivaa shati jeupe la kwendea kanisani, limerukiwa na matope mpaka kwenye kola. Kasha la barafu alikuwa amelikumbatia mwenyewe, hakumwachia dereva. Aliniambia, kwa fahari kidogo, kwamba ilipoanza kuyeyuka aliomba barafu nyingine kwa wauza samaki ili nisije nikamlaumu. Ile chupa ilikuwa baridi hata vidole vyangu viliuma kuishika.

Nikaweka tone kwenye kioo, nikaangalia. Mbegu zilikuwepo, tele, umbo lake zuri kabisa. Na zote zimelala. Hakukuwa na hata moja iliyotikisa mkia.

Hapo palitakiwa mambo ambayo wewe utayajua kabla hujamaliza muhula wa kwanza. Ningeiacha chupa ipate joto, nikaangalia tena. Ningetia tone la eosini, ile rangi nyekundu tuliyoitumia kila siku kupimia choo, ilikuwa pale juu ya rafu nikiinua mkono tu. Seli iliyokufa hupitisha rangi ikageuka nyekundu, lakini iliyo hai huizuia rangi isiingie, hata kama haitembei. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Na hata baada ya hapo ningemwambia arudi baada ya wiki kadhaa na sampuli nyingine, kwa sababu hakuna mtu anayehukumiwa kwa sampuli moja. Sikufanya hata mojawapo. Nje kulikuwa na foleni, nilikuwa na njaa, na habari yenyewe ilinitia haya, nilitaka aondoke.

Nikamwambia, "Ziko, lakini zimekufa."

"Zote?" akauliza.

"Zote."

Alijivuta ndewe ya sikio, akaivutavuta hivi, anatazama sakafu. Kisha akanishukuru. "Basi si yeye," alisema. "Ahsante, daktari. Nitawaambia nyumbani kwamba si yeye."

Na kweli aliwaambia. Nilikuja kusikia baadaye kwamba aliwaita nduguze, akasema mbele yao kuwa mbaya ni yeye, mbegu zake zimekufa, na kuanzia siku hiyo atakayemtaja Dhahabu atakosana naye. Alijishusha mbele ya wanaume wenzake kwa ajili ya mke wake, akisimama juu ya neno langu.

Kabla ya mavuno yaliyofuata Dhahabu alipata mimba.

Alinijia peke yake. Alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, miguu imejaa vumbi, akasema maneno machache tu. "Daktari, mimi sijatembea na mtu. Muite mume wangu umwambie kipimo kinaweza kukosea."

Naandika hili kama lilivyokuwa, Rehema, silipambi. Nilimtazama tumbo, nikaona ananidanganya. Nikatabasamu. Nikamwambia, "Mama, kipimo hakisemi uongo." Alinikazia macho, akafunga leso yake vizuri, akatoka. Kisha nikamsimulia karani wetu, na tukacheka. Mambo mengine naweza kuyaeleza, yana njaa ndani yake, yana uchovu na mazoea. Kicheko kile sina maelezo yake. Kinanijia hata nikiwa kanisani.

Jillo hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwambia nyumba nakuachia, na mtoto ni wa mwenyewe, si wangu. Akafunga nguo zake akaenda Bura, akapewa shamba la kulima kwa maji ya mfereji. Alipoondoka, nduguze ndio waliomtoa Dhahabu. Alikuja hapa mjini na tumbo lake, akapanga chumba, akajifungua, akaanza kupika chai na mahamri pale stendi. Umeshaelewa. Mtoto yule ni Kadzo.

Sasa nikwambie siku niliyojua. Kadzo alikuwa anatambaa. Mwalimu mmoja wa hapa mjini alileta sampuli ya aina ileile, yeye alikaa jirani, akaitoa kwenye mfuko wa shati ikiwa na vuguvugu. Nami kwa mazoea yaleyale nikaitia kwenye friji mpaka nimalize wagonjwa wa malaria. Nilipoangalia, zote zimelala. Nikashika kalamu niandike. Mara nikaitwa nje, mama mmoja ameanguka kwenye foleni. Tulimmwagia maji, tukamlaza, tukatafuta ndugu zake. Niliporudi, chupa ilikuwa imekaa mezani muda huo wote kwenye joto letu. Nikachukua tone jingine nimalize tu kazi.

Zilikuwa zinatembea. Kioo kizima kilikuwa kinachemka.

Nilidhani nimebadilisha chupa. Chupa ilikuwa moja tu. Nikakaa chini, na kilichonijia machoni ni shati jeupe lenye matope na mtu aliyeomba barafu zaidi ili nisimlaumu.

Siku ile ningefunga mlango nikaenda Bura. Sikwenda. Nilimwandikia mwalimu majibu yake, nikaja nyumbani, nikakusongea ugali. Nikajiambia kwamba hii haithibitishi lolote kuhusu Jillo, huenda zake zilikuwa zimekufa kweli. Na hilo ni kweli, mwanangu, hata leo sijui. Chupa yenyewe haiwezi kuulizwa tena, nilishaitupa. Nilijificha nyuma ya kweli hiyo miaka yote. Lakini ninalolijua ni kwamba sikumpima. Nilitamka kifo cha kitu ambacho sikukiuliza kama kiko hai. Na aliponijia mwanamke kuniambia niulize tena, nikamtabasamia.

Kile ambacho mdomo ulishindwa, nikakifanya kwa mikono. Sare za Kadzo, mchele, vitabu, kulala kwetu wakati wa mitihani. Unakumbuka siku uliyolia kwa sababu ya viatu? Ulisema, "Unampenda Kadzo kuliko mimi." Nikakugombeza, nikakuita mchoyo mbele yake. Hukuwa mchoyo. Uliona sawasawa kwamba katika kutoa kwangu kulikuwa na kitu kingine. Nilikuwa nalipa kwa vitu vyako deni ambalo halikuwa lako. Nisamehe hilo kwanza, kabla ya mengine.

Ila usije ukafikiri kwamba simpendi yule mtoto. Nampenda sasa, imeshaingia. Ndiyo maana akikaa hapa mezani hesabu ikamshinda, akaanza kujivuta ndewe ya sikio, mimi huinuka nikaenda kutafuta kitu chumbani. Wewe hunicheka, unasema mama anakimbia hesabu.

Wa Bura wanaokuja hapa nimekuwa nikiwauliza habari za Jillo, juujuu, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu. Wananiambia yupo, analima, hajaoa. Akiambiwa aoe husema hawezi kumfunga mtoto wa watu kwa mtu aliyekufa nusu. Anaishi kwa neno langu mpaka leo, na ameshaanza kuota mvi.

Jumapili, baada ya swali lako la jikoni, nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja kwa Dhahabu. Alikuwa anasukuma unga wa mahamri ya kesho yake. Nikamweleza yote, barafu, rangi ambayo sikuitia, yule mwalimu na chupa yake. Hakuacha kusukuma. Nilipomaliza, akakata unga, akaupanga.

"Mama Rehema," alisema, "mimi nilijua tangu siku ile. Mwili ni wangu. Wewe umechukua muda wote huu kujua kitu nilichokuja kukwambia kwa miguu yangu?"

Nikamwambia nataka kwenda Bura kwa Jillo, na kama ataniruhusu nimchukue Kadzo, Jillo amwone tu alivyo, amwone anavyoshika sikio. Hapo ndipo aliacha unga.

"Mtoto wangu si kipimo," akasema. "Nenda na uso wako."

Nikamwuliza kama anataka Jillo arudi. Akaniambia hilo si langu kuuliza. Ni kweli, si langu. Siku hizi kuna vipimo vya vinasaba huko mijini, wakitaka watakwenda wenyewe, wasipotaka wasiende. Nilishaamua mara moja juu ya watu wale na sitaamua tena.

Baba yako nilimpigia, yuko Bangale bado anatengeneza pampu za visima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi nenda," na akauliza kama umeshafunga sanduku. Unajua alivyo.

Ningependa niwe na neno la kukupa, lakini naona kila ninalolifikiria linanirudia mimi. Siwezi kukwambia uwe makini, maana mimi niliitwa makini. Siwezi kukwambia usome sana, nilisoma. Huko uendako mtakuwa na mashine zinazohesabu seli wewe ukinywa soda, zinatoa karatasi imeandikwa vizuri, na mtu hupenda kuiamini karatasi. Hata hiyo haijui kitu kimepita wapi kabla hakijafika mezani. Mwenye kujua ni yule aliyekaa kwenye benchi nje na matope kwenye kola, na mimi sikumwuliza njia ilikuwaje. Ningemwuliza hilo tu, angenitajia barafu mwenyewe.

Na akija mtu kukwambia umekosea, huenda amekosea yeye. Lakini usitabasamu.

Kesho asubuhi tutakwenda wote stendi. Nilikwambia ukishaondoka nitaenda kazini. Nimeomba ruhusa, siendi. Gari lako likishaelekea njia ya Malindi, mimi nitapanda la kwenda Hola, niunganishe mpaka Bura, nitafute bodaboda ya kunipeleka kwenye mifereji. Sijui atanipokea vipi. Akinifukuza ana haki. Akinyamaza, nafikiri hilo litakuwa gumu zaidi. Nimejaribu kutunga maneno ya kuanzia na yote yalikuwa yananitetea mimi, nikayaacha. Limebaki moja: Jillo, ulifanya kila nilichokwambia, kosa ni langu.

Naogopa, mwanangu. Naogopa kama mtoto. Nimeshawahi kupanda gari la Hola mara mbili kwa nia hiihii, na mara zote mbili nilishuka kabla halijaondoka, nikasema nimesahau kitu nyumbani. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukueleza kwa mdomo. Ningekueleza kwa mdomo ningeona unanihurumia, na mimi nikihurumiwa huwa naona yameisha.

Barua hii nitaiweka sandukuni, chini ya ile leso ya bibi yako. Utaiona ukitandika kitanda chako. Wakati huo nitakuwa nimeshafika kwa Jillo, au nitakuwa nimeshuka tena kwenye gari.

Nawasikia mnakuja, Kadzo anashika sauti ya pili na anaikosea palepale anapoikosea kila siku.

Ukiisoma, nipigie simu usiku huohuo, uniulize, "Mama, ulifika?" Nikikuuliza kama umekula, au maji ya huko yana chumvi, usinijibu. Uliza tena.

Mama yako